Dumuzi Jukwaani: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Sayansi ya Mdudu Vamizi kwa Sanaa Mkoani Tabora

Mwaka 1981 wataalamu walimtambua dumuzi, mdudu mdogo anayetoboa na kusaga mahindi ghalani, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na walimtambulia hapa hapa Tabora. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Inaaminika aliingia mwishoni mwa miaka ya 1970, ndani ya mahindi yaliyoletwa kutoka nje. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya, na mwaka 1984 akaonekana Togo, ambako aliingia kwa njia yake nyingine. Vipimo vya mwanzo kwenye maghala ya wakulima wa mkoa huu vilionyesha kuwa yapo mahindi yaliyopoteza karibu theluthi ya uzito wake kwa miezi michache tu ya kuhifadhiwa.

Tangu wakati huo sayansi yake imefanyiwa kazi kubwa. Tunajua anavyozaliana, anavyoitana, anakojificha msimu ukiisha na kinachomshinda. Lakini bado mama anapepeta mahindi yake, anaona vidudu vyeusi kwenye ungo, anasema "fukusi hao", kisha anafanya yale yale anayofanyia fukusi. Hapo ndipo msanii ana kazi. Mwongozo huu ni kwa vikundi vya ngoma na maigizo, walimu wa shule za msingi, maafisa ugani na vijana wenye mkono wa kuchora. Nauandika nikiamini jambo moja: sanaa ya sayansi imefaulu pale mtu anaporudi nyumbani, akachota konzi ya mahindi, na kuona kitu ambacho jana hakukiona.

Hatua ya 1: Chagueni ukweli mmoja, na uwe wa kutendeka

Kikundi kikishapata habari nyingi za kusisimua hutaka kuzisema zote kwa saa moja. Msikubali. Kaeni chini ya mwembe, andikeni yote mnayoyajua kuhusu dumuzi, halafu mjiulize kwa kila jambo: mtu akilijua hili, kesho asubuhi atafanya nini tofauti?

Kwa Tabora, mimi ningechagua moja kati ya haya matatu.

La kwanza ni kumtofautisha dumuzi na fukusi, kwa sababu mengine yote yanasimama juu ya hilo. La pili ni kwamba dumuzi hustawi hata kwenye mahindi makavu kabisa, na anayapenda zaidi yakiwa bado kwenye gunzi, kwa kuwa punje iliyoshikwa na gunzi haichezi na yeye anapata pa kujiegemeza akitoboa. Kwa hiyo kupukuchua mapema kunampunguzia nafasi. La tatu ni kwamba hali mahindi tu. Hula makopa ya muhogo na hutoboa mbao na miti mikavu, kwa hiyo ghala likiwa tupu yeye anaweza kubaki kwenye nguzo na fito zake, akisubiri mavuno mapya.

Ukweli mmoja, onyesho moja. Mengine yangoje msimu ujao.

Walioko Kigoma wanaotaka kutumia njia hii kwa gugu maji wafanye vivyo hivyo. Mmea huo asili yake ni bonde la Amazon, na mbegu zake hukaa matopeni miaka 15 na zaidi zikiwa hai. Ukweli huo mmoja unatosha kuonyesha kwa nini kuling'oa mara moja na kuondoka hakumalizi kazi. Hatua zinazofuata zinabadilika kidogo tu.

Hatua ya 2: Mtazameni kabla ya kumchora

Msichore kutoka kichwani, wala msinakili picha ya kwanza mnayoipata kwenye simu. Nendeni kwa mkulima aliyekwisha kuvamiwa, ombeni konzi mbili za mahindi, mkachekeche juu ya karatasi nyeupe. Unga mwingi ukianguka pamoja na vidudu, hiyo ni dalili kwamba huenda mmempata, kwani dumuzi husaga kuliko anavyokula.

Sasa lensi ya mkono. Asiyekuwa nayo atumie kamera ya simu, akisogeza karibu hadi picha ianze kuwa na ukungu, kisha arudi nyuma kidogo na kuikuza. Mwekeni mdudu kwenye kifuniko cha chupa ya maji, upande wa dirishani, mwanga utokee ubavuni. Angalieni mambo matatu.

Kichwa: ukimtazama kwa juu hukioni. Kimeinama chini ya ngao ya shingo, na ngao hiyo ina vijipele vingi upande wa mbele. Fukusi hawezi kukupoteza hapo, maana yeye ana mdomo mrefu uliochongoka mbele kama mrija.

Nyuma: mwili wa dumuzi ni mviringo mrefu, na mwishoni umekatika ghafla, ukashuka kama mteremko bapa wenye kona mbili. Hii ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtoto wa darasa la pili anaikumbuka. Yuko ndugu yake mdogo anayefanana naye, pia anatoboa nafaka, ila nyuma yake ni ya duara.

Rangi na ukubwa: dumuzi ni kahawia iliyokolea hadi nyeusi, urefu milimita 3 hadi 4.5. Fukusi mara nyingi ana madoa manne yenye wekundu hafifu juu ya mbawa. Ukubwa usiwaamulie neno, kwa sababu wawili hawa wanakaribiana sana.

Mchoraji achore mara nyingi, kwa penseli, kwa juu na kwa ubavu. Michoro ya mwanzo itakuwa ya mdudu yeyote tu. Inapoanza kuwa ya dumuzi huyu mwenye nyuma iliyokatwa, hapo mkono umeanza kujua.

Na hili ni la lazima: msihamishe dumuzi aliye hai kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Sampuli zote za maonyesho ziwe zimekufa. Watieni kwenye chupa yenye spiriti na kuifunga. Mahindi yaliyotobolewa mnayotaka kuonyesha yakaangeni kwanza kwenye sufuria kavu mpaka yapate moto barabara, maana mayai na mabuu yamo ndani na hamyaoni. Kikundi cha kufundisha kuhusu mdudu vamizi kikimsafirisha chenyewe kwenye boksi la vifaa kitakuwa kimefanya kazi ya mdudu.

Hatua ya 3: Tengenezeni punje ya mita moja

Katika sanaa zote nilizoziona zikitumika, hakuna inayoshika watu kama kitu kikubwa wanachoweza kuingiza mkono. Bango linasomwa na wawili watatu. Punje kubwa kama mtoto wa shule inazungukwa na kijiji kizima.

Tumieni kipimo cha mara 100, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na haidanganyi. Punje ya sentimita 1 inakuwa mita 1. Dumuzi wa milimita 3.5 anakuwa sentimita 35. Yai lake, lenye urefu wa karibu milimita 0.9, linakuwa sentimita 9. Tundu analopita, lenye upana wa milimita 1.5 hivi, linakuwa sentimita 15, yaani mkono wa mtu mzima unaingia mpaka kwenye bega.

Fremu ya punje ni fito na waya wa kufungia. Juu yake bandikeni magazeti yaliyolowekwa kwenye uji mzito wa unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikauka kabla ya kuweka jingine. Acheni ubavu mmoja uwe mlango unaofunguka. Ndani jengeni njia kuu ya dumuzi, na kutoka kwenye njia hiyo vichumba vya pembeni. Humo ndimo jike hutaga, na mayai huyafunika kwa unga laini alioutafuna mwenyewe. Nyunyizeni unga halisi wa mahindi mle ndani, ili mtu akifungua mlango umwagikie miguuni. Mabuu ni meupe, yamejikunja kama herufi C, na yamenenepa zaidi upande wa kifuani. Yachongeni kwa mti mwepesi au finyangeni kwa udongo.

Rangi za mafuta za dukani zinatosha. Wachoraji wa Tingatinga walianza mwaka 1968 kule Dar es Salaam kwa rangi kama hizo juu ya vipande vya mbao, na mtindo wao wa rangi kali na mistari safi unafaa sana kwa mbao za kuonyesha hatua za maisha: yai, buu, pupa, mdudu kamili. Kwenye joto la nyuzi 32 na unyevu mwingi hewani, mzunguko huo huchukua siku 25 hadi 27. Andikeni siku hizo kwenye mbao zenyewe. Mkulima akiona kwamba kwa miezi mitatu ya ghala kunaweza kupita vizazi vitatu, hatahitaji maelezo marefu.

Mpambe kwa rangi mpendavyo pembeni ya picha, kwenye majani, ndege na mapindo. Mwili wa mdudu uacheni na rangi yake na umbo lake. Ukimwongezea meno na macho mekundu, mtu ataenda kumtafuta jini ghalani kwake, na dumuzi atampita.

Hatua ya 4: Tungeni ngonjera

Ngonjera ni chombo kilichokuwa tayari kwa kazi hii. Mathias Mnyampala aliikuza katika miaka ya 1960 kuwa mabishano ya kishairi ambamo upande mmoja haujui au haukubali, mwingine unaeleza, na mwishoni wanaafikiana. Hivyo ndivyo mkulima mwenye uzoefu anavyopokea habari mpya: anabisha kwanza. Mpeni mbishi hoja nzito, isiwe ya kijinga, maana watazamaji wengi watakuwa upande wake.

Huu ni mfano wa kuanzia, mizani nane kwa nane. Baba anauliza:

*Mahindi nimeanika, juani pale uwani,*
*Makavu yanavunjika, nikiyang'ata menoni,*
*Vipi unga wamwagika, chini pale guniani?*
*Mwanangu, nimeshituka, huyu mdudu ni nani?*

Binti anajibu:

*Baba, kukausha sawa, ila kwa huyu dumuzi,*
*Kwa jua hatazuiwa, ajificha kwenye gunzi,*
*Ni ya kupukuchuliwa, mapema, hiyo ni kazi,*
*Mfukoni yakatiwa, pasipo tundu la wazi.*

Tazameni ubeti wa pili unavyoanza: "kukausha sawa". Maneno hayo mawili yamewekwa hapo kwa makusudi. Ukianza moja kwa moja na kwamba jua halimzuii dumuzi, wapo watakaoondoka wakisema wameambiwa wasikaushe mahindi, na hilo ni hatari kubwa kuliko mdudu mwenyewe. Mahindi mabichi huota ukungu na kuleta sumukuvu. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 13.5 au chini yake, dumuzi awepo asiwepo. Katika kila utungo, linalobaki kuwa kweli litangulie, lililo jipya lifuate.

Mifuko isiyopitisha hewa inafaa kutungiwa ubeti wake peke yake, kwa sababu ufanyaji kazi wake ni wa kupendeza: wadudu waliomo ndani hutumia hewa iliyobaki mpaka inawaishia, wanaacha kula na wanakufa. Lakini masharti yake yatajwe. Mahindi yawe makavu, hewa ikamuliwe, kila mfuko wa ndani ufungwe peke yake, na usifunguliwe kila wiki kwa kuchota debe moja.

Kipimo cha dawa kisiimbwe kamwe. Wimbo hubadilika mdomoni, na tarakimu ikibadilika hapa inaingia kwenye chakula cha watoto. Imbeni kwamba mtu asome kibandiko na amuulize afisa ugani, basi. Dawa gani zinaruhusiwa ni jambo la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na orodha hubadilika.

Hatua ya 5: Igizo fupi, na tahadhari kuhusu neno "mgeni"

Dumuzi ana tabia moja ambayo ni zawadi kwa wapiga ngoma. Dume akishapata chakula kizuri hutoa harufu inayowaita wenzake, madume kwa majike. Wanasayansi wameigeza harufu hiyo na kuitumia kwenye mitego. Jukwaani harufu haionekani, kwa hiyo ifanyeni kuwa sauti: msanii mmoja ndani ya punje kubwa anapiga mdundo mdogo, wa polepole. Kutoka kila pembe ya uwanja, katikati ya watazamaji, wengine wanaanza kuitikia na kusogea. Huruka zaidi jioni, kwa hiyo onyesho likianza jua linapozama, mambo yanakaa mahali pake. Wakishajaa ndani ya punje, mdundo unakoma na unga unamwagika.

Baada ya hapo maneno yawe machache. Kwa mfano:

"Shikamoo shangazi."
"Marahaba mwanangu. Njoo unichekechee haya, macho yangu hayaoni."
"Shangazi, mbona huyu hana mdomo mrefu?"
"Si fukusi huyo?"
"Hebu mtazame nyuma. Amekatika."

Igizo lisimame hapo. Mwongozaji awageukie watu: shangazi afanye nini sasa? Mwacheni mtazamaji apande jukwaani na kuigiza jibu lake. Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya namna hiyo kijijini Malya, mkoani Mwanza, katika miaka ya 1980, wanakijiji wakilichambua tatizo lao wenyewe kwa ngoma na maigizo. Ushauri unaotoka kwa jirani aliyepanda jukwaani hubishiwa, hupimwa na hukumbukwa.

Sasa tahadhari. Wataalamu hutumia maneno "kigeni" na "vamizi" kwa maana ya kibaiolojia. Kwenye igizo, msanii akimpa dumuzi lafudhi ya watu fulani au mavazi ya kabila fulani ili kuchekesha, ameacha sayansi na ameingia kuumiza watu. Mkoa huu una makazi ya Ulyankulu, yaliyoanzishwa mwaka 1972 kwa familia zilizokimbia Burundi, na wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Watoto wao watakuwa wamekaa mstari wa mbele. Dumuzi asizungumze lugha ya mtu. Apige ngoma, asage unga, inatosha. Na safari yake ielezwe kama ilivyo: hakuja kwa hila, alibebwa na biashara na misaada ya chakula ya binadamu. Mahindi yenyewe asili yake ni huko huko Meksiko, na leo ni ugali wetu. Kosa la mdudu ni kula ghala la mtu. Kuzaliwa kwake mbali si kosa.

Hatua ya 6: Mkaguliwe

Kabla ya kwenda kijijini, mfanyieni onyesho lote mtu anayemjua dumuzi kwa kazi yake. Tabora tuna bahati ya kuwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi. Ombeni nafasi kwa barua, mpeleke maandishi ya ngonjera na picha za mbao zenu. Mwambieni mtaalamu akague mambo mawili tu: lipi si kweli, na lipi ni kweli lakini litaeleweka vibaya. Masuala ya vina, vichekesho na hatua za ngoma ni yenu. Mtaalamu akitaka kuongeza aya ya maelezo katikati ya wimbo, kataeni kwa heshima, mkamwombe aje kujibu maswali baada ya onyesho. Watu wanapenda kumwona uso kwa uso.

Hatua ya 7: Siku na mahali

Pitieni kwa mtendaji wa kijiji mapema, na kwa mwenyekiti wa kitongoji mtakachosimama. Wakati mzuri ni mahindi yanapovunwa, kabla hayajaingia ghalani, yaani Mei na Juni kwa sehemu nyingi za mkoa. Siku ya mnada huleta watu wengi, lakini ni wapitaji na wana haraka. Jioni uwanjani shuleni watu ni wachache na wanakaa mpaka mwisho. Ningechagua shule.

Wekeni meza pembeni yenye vifuniko vya chupa, kila kimoja na mdudu mmoja mfu, baadhi dumuzi na baadhi fukusi, pamoja na lensi. Waalikeni watu waje na konzi ya mahindi ya nyumbani kwao. Meza hiyo mkabidhini kijana mtulivu, asiyemcheka mzee akikosea. Yeyote atakayekutwa na dumuzi kwenye konzi yake asitangazwe mbele ya watu. Afisa ugani aongee naye kando, waanze na kufagia ghala, kuchoma mabaki ya magunzi na kubadilisha mbao zilizotobolewa. Mahindi yenye wadudu yasirudi begani kwa mtu. Yakusanywe na yakaangwe hapo hapo.

Hatua ya 8: Pimeni kama limeingia

Makofi hayapimi kitu. Kabla ya onyesho, waombeni watu kumi wawatajie wadudu waliomo kwenye vifuniko. Baada ya onyesho waombeni wengine kumi. Andikeni wangapi wamepatia kila upande. Ongezeni swali moja la wazi: "Umesikia nini leo?" Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa. Likijitokeza jibu kama "tusianike mahindi", rudini kwenye ubeti mkaurekebishe kabla ya kijiji kinachofuata.

Baada ya miezi miwili au mitatu, rudini kwenye kaya zilizokubali kutembelewa. Kutoka kila ghala choteni mahindi juu, katikati na chini, changanyeni, kisha hesabuni punje 100 na kuona ngapi zina tundu. Fanyeni hivyo pia kwenye kaya za kijiji ambacho hamkufika, ili muwe na cha kulinganisha. Mahindi ya kaya moja na nyingine hayafanani, kwa hiyo ulizeni pia aina ya mbegu, tarehe ya kupukuchua, na kama yamewekwa kwenye kihenge, gunia la kawaida au mfuko usiopitisha hewa. Daftari hilo pelekeni nakala Tumbi na nyingine kwa afisa ugani wa kata, kisha punje kubwa ikatengenezwe ilipochubuka na kuhifadhiwa mahali pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, kwa sababu panya wanapenda uji wa muhogo.